Kabla ya Kutia Sahihi, Chomoa Waya

Leo naweka kando lugha za programu na simu mpya. Nataka tuzungumze kuhusu mashine zinazokaa nyuma ya mlango uliofungwa. Wengi wetu hatujawahi kuziona, lakini ndizo zinazotunza kumbukumbu zetu za hospitali, kilo za kahawa tulizopeleka kiwandani na akiba tulizoweka kwenye sacco. Nazungumzia seva, na hasa seva kadhaa zilizounganishwa ili zifanye kazi kama moja. Sisi wa fani tunaita klasta.

Niseme msimamo wangu mapema ili anayetaka kubishana ajiandae. Klasta ambayo haijawahi kuzimwa kwa makusudi, pale pale itakapofanyia kazi, bado haijapokelewa. Hata kama imelipiwa, imepigwa picha na mheshimiwa amekata utepe, mimi naihesabu kuwa mzigo ulioshushwa kwenye lori na kupangwa vizuri.

Naandika kutoka Kapsokwony, ubavuni mwa Mlima Elgon, na kazi hunipeleka Kimilili, Bungoma na Kitale. Huku hakuna mtu anayenunua ng'ombe wa jembe kwa kuhesabu miguu. Utamwangalia macho na kwato, kisha utaomba afungwe nira avute jembe mbele yako, tena pamoja na mwenzake, kwa sababu ng'ombe mwenye nguvu anayekataa kwenda sambamba na mwenzake ni hasara. Lakini mashine za mamilioni ya shilingi tunazipokea kwa kuhesabu masanduku. Sita yameandikwa, sita yamefika, taa ni za kijani, tia sahihi hapa.

Cha ajabu ni kwamba sheria yetu haisemi hivyo. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015, kifungu cha 48, inaweka kamati ya ukaguzi na upokezi. Kamati hiyo inatakiwa ikague bidhaa na, inapohitajika, izipime, kisha ikubali au ikatae. Sasa kama kuna kitu "kinachohitaji" kupimwa, ni kipi zaidi ya mashine ambazo kazi yake yote haionekani kwa macho?

KLASTA NI KITU GANI HASA

Kwa wasomaji wapya, nieleze kidogo. Mwaka 1994, Thomas Sterling na Donald Becker, wakiwa katika kituo cha Goddard cha NASA huko Marekani, waliunganisha kompyuta 16 za bei ya kawaida zikafanya hesabu kwa pamoja. Waliipa kazi yao jina la Beowulf. Tangu hapo wazo la kuunganisha mashine za kawaida badala ya kununua jitu moja la bei ghali limeenea dunia nzima. Hapa Kenya, taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI jijini Nairobi ina klasta ya namna hiyo kwa hesabu za vinasaba.

Kuna sababu mbili za kujenga klasta. Ya kwanza ni kasi. Ya pili ni uhai: mashine moja ikifa, zilizobaki zinaendelea na mtumiaji hata hajui. Huku kwetu tunahitaji zaidi hiyo ya pili. Chukua mfumo wa KenyaEMR, ambao umejengwa juu ya OpenMRS, programu huria iliyoanza kutumika Eldoret mwaka 2006. Katika vituo vingi mfumo huo hukaa kwenye seva iliyo ndani ya kituo chenyewe, kwa sababu intaneti ikikatika mgonjwa hawezi kuambiwa arudi kesho. Mashine hiyo ikifa, daktari anamtazama mama mjamzito bila kujua vipimo vyake vya mwezi jana. Ndiyo maana kituo kikipata uwezo kinanunua tatu badala ya moja.

Kila mashine ndani ya klasta huitwa nodi. Na hapo ndipo penye ujanja: ukinunua nodi tatu usipojaribu kuua moja, hujui kama umenunua uhai au umenunua tu njia tatu za kuharibika.

"LAKINI NI MPYA NA ZINA WARANTI"

Hili ndilo jibu ninalopewa kila mahali, kwa hiyo tulijibu kwa takwimu.

Kampuni ya Backblaze ya Marekani, inayohifadhi data za watu kwenye maelfu ya diski, ilitoa hesabu zake mwaka 2013. Katika mwaka mmoja na nusu wa kwanza, diski zake zilikuwa zikifa kwa kiwango cha asilimia 5.1 kwa mwaka. Baada ya hapo kiwango kilishuka hadi asilimia 1.4, na baada ya miaka mitatu kikapanda hadi asilimia 11.8. Maana yake ni kwamba diski mpya kabisa ni hatari kuliko diski ya miaka miwili. Kasoro za kiwandani hujitokeza mapema, na ukiichosha mashine kabla ya kuweka data, utazinasa nyingi wakati hazina madhara.

Kumbukumbu ya kompyuta nayo hukosea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto na Google, kwenye seva za Google, ulionyesha kuwa zaidi ya asilimia 8 ya vipande vya kumbukumbu vilipata angalau kosa moja kwa mwaka. Seva nzuri huwa na kumbukumbu ya ECC, inayojisahihisha makosa madogo. Kama muuzaji ameweka ya kawaida ili kupunguza bei, hutaona tofauti yoyote kwa macho.

Hata wakubwa wamepitia hapo. Mwaka 2003 chuo cha Virginia Tech kiliunganisha Power Mac G5 zipatazo 1,100, zikashika nafasi ya tatu kwenye orodha ya kompyuta zenye kasi zaidi duniani. Kasi ilikuwapo, na sifa zikamiminika. Lakini mashine hizo hazikuwa na kumbukumbu ya ECC, na kwa hesabu ndefu za kisayansi hilo ni tatizo kubwa. Mwaka 2004 zilibadilishwa na kuwekwa Xserve zenye ECC. Kwa hiyo kupima kasi peke yake hakutoshi, inabidi upime na usahihi.

Halafu waranti. Waranti inakurudishia diski. Hairudishi rekodi zilizokuwa ndani yake, na hailipi muda ambao watu walisimama kwenye foleni.

KWA NINI LAZIMA IPIMWE HAPA HAPA

Muuzaji atakuambia mashine zilipimwa Nairobi kabla hazijapakiwa. Ninamwamini. Lakini hazikupimwa na stima yetu, hewa yetu na barabara yetu.

Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na sisi wa mlimani hatuko mbali na hapo. Hewa ya juu ni nyepesi, na feni ikisukuma hewa nyepesi inaondoa joto kidogo zaidi. Ndiyo maana watengenezaji wengi wa seva, kwenye maelezo yao, hupunguza kiwango cha juu cha joto la chumba kwa nyuzi 1 kwa kila mita 300 baada ya kupita takriban mita 900. Kwa hapa kwetu ni kama nyuzi 3. Jenereta nayo inaonja shida hiyo hiyo. Injini ya dizeli isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda. Jenereta iliyotosha kwenye karatasi huenda isitoshe mlimani.

Tuje kwenye stima. Watu wa magharibi tunaijua: inakatika, inarudi kwa kishindo, inakatika tena. Ukanda wa Ziwa Victoria una radi nyingi sana. Na wakati mwingine nchi nzima inaingia gizani. Tarehe 25 Agosti 2023 gridi ya taifa ilianguka, na katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta jenereta iliyohudumia baadhi ya majengo ya abiria ikakataa kuwaka. Abiria walikaa gizani, Waziri wa Uchukuzi Kipchumba Murkomen akaomba radhi na mkurugenzi mkuu wa mamlaka ya viwanja vya ndege akafutwa kazi. Jenereta ilikuwapo. Novemba 11 na Desemba 10 mwaka huo huo gridi ikaanguka tena.

Mfano mwingine ni wa tarehe 4 Machi 2013, siku ya uchaguzi mkuu. Vifaa vya kutambua wapiga kura kwa alama za vidole vilizimika katika vituo vingi. Katika baadhi ya vituo betri ziliisha kwenye madarasa yasiyo na soketi hata moja. Mfumo wa kutuma matokeo nao ukakwama, na tukarudi kwenye karatasi. Mengi yamesemwa kuhusu siku hiyo na sitaki kuingia kwenye siasa. Nasema tu kwamba betri ni kitu unachoweza kukipima kwa saa ya mkononi, ndani ya darasa lile lile, wiki mbili kabla.

NILICHOKIONA

Miaka michache iliyopita niliitwa na kituo kimoja cha afya huku chini ya mlima, sitakitaja, niweke programu kwenye seva tatu mpya. Nilipofika zilikuwa zimeshafungwa kwenye raki na kamati imeshatia sahihi. Niliomba siku tano za kupima kabla ya kuweka kumbukumbu za wagonjwa.

Mwenyekiti wa kamati, mwalimu mstaafu na mtu wa heshima sana, alinishika bega: "Kijana wangu, taa zote ni za kijani. Unataka tuone nini tena?"

Nikamjibu, "Mzee wangu, naomba ruhusa nichomoe waya mmoja tu, tuone."

Fundi wa muuzaji akakataa, akasema hilo halimo kwenye mkataba. Na kweli halikuwamo. Nikaandika maombi yangu kwenye karatasi, nikayakabidhi, nikaambiwa niendelee na kazi.

Mvua za Aprili zikaja. Alasiri moja stima ikacheza mara tatu na seva zote tatu zikazima kwa pamoja. Kila seva ilikuwa na pawa saplai mbili, kama inavyopaswa, lakini zote sita zilikuwa zimechomekwa kwenye UPS moja, na UPS hiyo ndiyo iliyozima. Stima iliporudi, nodi moja haikuamka. Kibaya zaidi, baadhi ya rekodi za mchana ule, ambazo skrini ilikuwa imewaambia wauguzi kwamba zimehifadhiwa, hazikuwepo. Kwa siku nne wauguzi walirudi kwenye madaftari, na wakati huo huo wakaanza kuwatafuta wagonjwa mmoja mmoja ili waulize upya walipewa dawa gani.

Baada ya hapo siku tano zikapatikana haraka. Tukakuta kebo moja ya mtandao ina waya uliokatika ndani, na kipande kimoja cha kumbukumbu hakikukaa vizuri kwenye nafasi yake, pengine kwa kutikiswa barabarani. Mambo yote hayo yangeonekana kabla mgonjwa wa kwanza hajaandikishwa.

SIKU TANO NINAZODAI

Hizi hapa, kwa klasta ndogo ya nodi tatu. Programu zote nitakazotaja ni za bure.

1. Hesabu na linganisha. Usihesabu masanduku tu. Iulize kila mashine ina prosesa gani, kumbukumbu kiasi gani na kama ni ya ECC, diski zipi, halafu ulinganishe na mkataba. Nodi tatu zilizonunuliwa kama pacha zitoe majibu ya pacha.

2. Kumbukumbu. Memtest86+ ikeshe usiku kucha kwenye kila nodi. Kosa moja tu linatosha kukirudisha kipande kwa muuzaji.

3. Joto. Endesha stress-ng kwa saa 24, mlango wa chumba ukiwa umefungwa kama utakavyofungwa siku za kazi. Andika joto kila baada ya dakika chache. Kama mashine inapunguza kasi ili isiungue, utaiona hapa. Ukiwa na Linpack, iendeshe kwenye kila nodi peke yake. Nodi inayobaki nyuma ya wenzake kwa asilimia 10 ina kitu.

4. Diski. Soma ripoti ya smartctl kabla, andika na kusoma diski yote kwa badblocks, kisha soma ripoti tena. Badblocks ya kuandika hufuta kila kitu, kwa hiyo ni kazi ya kabla ya data. Anzeni mapema: diski ya TB 8 inayokwenda MB 200 kwa sekunde inahitaji kama saa 11 kuipitia mara moja tu, na badblocks ya kawaida huipitia mara nane. Kama muda hautoshi, pitisheni mara moja kuandika na mara moja kusoma.

5. Mtandao. Tumia iperf3 kati ya kila nodi na kila nodi. Kwa nodi tatu ni jozi 3, kwa nodi kumi ni jozi 45, na zote zipimwe. Kwenye mtandao wa gigabiti utarajie karibu megabiti 940 kwa sekunde. Ukipata 94, usimlaumu mtu wa programu. Gigabiti inahitaji jozi zote nne za waya ndani ya kebo, megabiti 100 zinahitaji mbili tu, kwa hiyo kuna waya uliokatika na mashine zimeshuka kimyakimya.

6. Stima. Chomoa pawa saplai moja ya kila nodi, kisha rudisha na uchomoe nyingine. Halafu zima swichi kuu ya chumba na ushike saa, UPS inadumu dakika ngapi ikiwa na mzigo kamili? Jenereta iwake na ibebe mzigo huo kwa saa nzima. UPS nyingine hukataa umeme wa jenereta usiotulia na huendelea kula betri mpaka ife, huku jenereta ikinguruma nje.

7. Kifo. Hiki ndicho kipimo changu nikipendacho. Andika programu fupi inayoingiza namba 1, 2, 3 na kuendelea kwenye hifadhidata, na kwenye kompyuta nyingine iweke orodha ya kila namba ambayo hifadhidata imekiri kuipokea. Katikati ya kazi, nenda kwenye nodi kuu uchomoe waya wa stima. Nodi mbili zilizobaki ni wengi, ziendelee. Kisha linganisha orodha. Namba moja iliyokiriwa na haipo ina maana kuna kitu, labda diski, labda mipangilio, kinachosema "nimehifadhi" kabla hakijahifadhi. Rudia kwa kuchomoa kebo ya mtandao badala ya stima, uone kama nodi iliyotengwa inakaa kimya au inajifanya mkubwa na kuanza kuandika yake.

8. Kuamka. Zima kila kitu. Fundi wa muuzaji akae nje. Mtu wa kituo aiwashe klasta kwa kufuata karatasi ya maelekezo. Asipoweza, karatasi haijakamilika. Mwisho, rudisha nakala ya akiba kwenye mashine tupu na uhesabu rekodi.

PINGAMIZI

Najua kuna watakaosema siku tano ni ghali, fundi wa Nairobi analipiwa chakula na malazi. Ni kweli, lakini vipimo vya 2, 3 na 4 vinafanyika vyenyewe usiku watu wakilala. Kazi ya mikono haizidi siku mbili, na vijana wa vyuo vyetu vya ufundi wanaiweza vizuri. Wengine wataogopa kwamba kuchomoa waya kutaharibu mashine mpya. Mimi nasema kama mashine inaharibika kwa kuchomolewa waya mara moja, ni heri iharibike leo ikiwa tupu, muuzaji akiwa amesimama hapo mlangoni.

Wapo pia watakaosema tuhamie wingu, tuachane na seva. Kwa kazi nyingi nakubaliana nao. Lakini nyaya za kwenda kwenye hilo wingu zinapita kwenye nguzo zile zile zinazoangushwa na miti mvua ikinyesha. Mpaka hapo patengenezwe, kituo cha mlimani kitahitaji mashine yake, na mashine yake itahitaji kupimwa.

Kwa hiyo ombi langu kwa kaunti za Bungoma na Trans Nzoia, kwa sacco, shule na hospitali, ni dogo. Vipimo hivi viandikwe kwenye hati ya tenda tangu mwanzo ili muuzaji aviwekee bei na asiseme "havimo kwenye mkataba". Sehemu ya malipo izuiliwe mpaka majibu yake yawe yameandikwa na kuwekwa kwenye faili. Na kamati ya upokezi iwe na angalau mtu mmoja atakayetumia mfumo huo kila siku, kwa mfano muuguzi au karani, kwa sababu klasta ikizima ni yeye atakayeeleza foleni kilichotokea.

Naomba kutoa hoja.